Chiefs na Eagles: ufunguo wenyewe ni yule jamaa namba 62

"Kocha shikamoo. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, sasa niko Kansas City mwaka wa saba, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Tuko Waswahili nane na tangu Chiefs wamtoe Buffalo hakuna kazi tena, ni ubishi tu, kila mtu ana ufunguo wake wa kushinda Super Bowl ya Februari 2025, fainali ya futiboli ya Marekani, Chiefs wetu wa hapa na Eagles wa Philadelphia. Mmoja anasema Eagles wampe tu mpira mkimbiaji wao Saquon Barkley mechi imeisha. Mwingine anasema anayekaa na mpira muda mrefu ndo anashinda. Wa tatu anasema asiyepoteza mpira. Wa nne anasema marefa ni wa Chiefs kwahiyo tusijisumbue. Mimi nasema tuna kwotabeki Mahomes, yule mrushaji wetu, na Mahomes ni Mahomes. Tumewekeana mbuzi, upande utakaofungwa unachinja. Naomba unipe funguo za kweli niwanyamazishe."

Marahaba mdogo wangu, poleni na zamu. Nimecheka hapo kwenye mbuzi maana bei ya mbuzi huku siyo bei ya Kasulu, kwahiyo nimeona swali lako nilijibu kwa kirefu, hili siyo la mistari miwili.

Kwanza nijitaje ili ujue naongea kutokea wapi. Mi mwaka wa 11 sasa nafundisha watoto wa sekondari hapa Minnesota, na sifundishi wale wanaorusha na kudaka ambao wasichana wanawajua majina, nafundisha wale wanene watano wa mbele. Kwahiyo ukiniuliza mechi yoyote duniani nitakwambia imeamuliwa pale mbele, mke wangu ameshachoka kusikia. Ila safari hii naona nina haki kabisa, utanielewa huko chini.

Alafu tuwekane sawa kuhusu hili neno ufunguo, maana ubishi wenu nusu yake unatokana na hapo. Ufunguo kwangu mi ni kitu ambacho kocha anaweza kukiamua siku ya Jumanne akiwa ofisini kwake na kahawa, akasema wiki hii tunafanya hivi na tunaacha kufanya vile. Sasa mwenzio anaposema "asiyepoteza mpira atashinda" huyo hajatoa ufunguo, katoa matokeo. Ni sawa na mtu anakwenda mnadani unamwambia siri ya biashara ni kurudi na hela. Sawa bwana, ila nifanyeje?

Chukua mfano wa hawahawa, fainali ya Februari 2023 kule Glendale, Arizona, Chiefs 38 Eagles 35. Wengi wenu mliiona. Eagles walikaa na mpira dakika karibu 36, Chiefs dakika 24 na kidogo. Eagles wakapata yadi 417, Chiefs 340. Kwotabeki wao Jalen Hurts akarusha yadi zaidi ya 300 na akaingia mwenyewe mara tatu kwa miguu. Mahomes alirusha yadi 182 tu, tena anachechemea, kifundo cha mguu kimeuma. Na nani kabeba kombe? Kwahiyo yule wa "kukaa na mpira" mwambie hiyo mechi ndo jibu lake, maana Chiefs kipindi cha pili walipata mpira mara nne tu, na mara zote nne wakatoka na pointi, tachidauni tatu (kuingia na mpira hadi ndani mwisho wa uwanja) na fildgoli moja (kuupiga kwa mguu katikati ya nguzo, pointi tatu). Unaweza ukakaa na mpira siku nzima kama mtu aliyekalia kiti kwenye foleni ya benki, swali ni ukifika dirishani unatoka na nini.

Na yule wa kupoteza mpira naye simkatai moja kwa moja, mechi hiyohiyo Hurts aliuangusha mpira mwenyewe bila mtu kumgusa, Nick Bolton wa Chiefs akauokota akakimbia nao yadi 36 hadi ndani. Pointi saba za bure kwenye mechi iliyoisha kwa tofauti ya tatu. Hiyo ni kweli inauma hadi leo ukiongea na mtu wa Philadelphia. Ila kocha gani Jumanne aliamua Hurts auangushe? Hakuna. Unafanya mazoezi ya kushika mpira kwa mikono miwili, unaomba Mungu, basi.

Wa marefa nitampa mistari michache maana ndo anastahili hiyo hiyo. Najua machungu yanatoka wapi, ile filimbi ya mwisho Glendale James Bradberry wa Eagles kamshika jezi JuJu Smith-Schuster wa Chiefs, Chiefs wakamaliza muda, Harrison Butker akapiga fildgoli ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 8. Lakini Bradberry mwenyewe baada ya mechi alikiri kwamba alimshika. Aliyeshika kasema kashika, wewe uliyekuwa kwenye kochi unabisha nini?

Haya sasa tuje kwenye mbili zenye nyama, Saquon na Mahomes.

Saquon Barkley mimi namheshimu sana, yadi 2,005 msimu wa kawaida kwa kukimbia siyo mchezo, na angeweza kuivunja rekodi ya Eric Dickerson ya 1984, ile ya yadi 2,105, ila wakampumzisha mechi ya mwisho. Kwenye mtoano ndo kabisa, Rams kwenye theluji kawapiga yadi 205 na mbio mbili za yadi 62 na 78, Washington mpira wake wa kwanza tu kaondoka nao yadi 60 hadi ndani. Na Jumapili ya fainali, tarehe 9 Februari, ni birthday yake, anatimiza miaka 28, yaani hata mtunzi wa tamthilia angeona aibu kuiandika hivo.

Tatizo la mwenzio ni kwamba anadhani Steve Spagnuolo hajaziona hizo mbio. Huyu mzee ndo anayepanga ulinzi wa Chiefs, na ni mtu wa kale kwenye biashara hii, alikuwa chini ya Andy Reid, huyuhuyu kocha mkuu wa Chiefs, palepale Philadelphia kuanzia 1999, alafu akaenda Giants, na ni yeye aliyepanga ulinzi uliomfunga New England 17 kwa 14 Februari 2008 wakati New England hawajafungwa mechi hata moja msimu mzima. Mtu kama huyo hawezi kulala usiku kabla ya fainali bila kujua kitu kimoja atakachokuondolea. Na atakachoondoa ni Saquon. Msimu ulipofunguliwa mwezi Septemba alimpokea Derrick Henry wa Baltimore, lile trekta, likatoka na yadi 46. Kwahiyo mimi natarajia Saquon atafungwa kamba, kila akigusa mpira anakuta watu wawili watatu, yadi mbili, yadi tatu, amelala.

Sasa hapo ndo watu wengi wanasema basi Eagles wamekwisha, na mimi nasema hapana, hapo ndo mechi inaanza. Ukipeleka watu nane mbele kumsubiri Saquon, huko nyuma umebaki na watu watatu, na huko nyuma kuna wadakaji wa Eagles, A.J. Brown na DeVonta Smith. Watu wamesahau kwamba Hurts anajua kurusha kwasababu tangu Oktoba hawajamhitaji arushe sana, Eagles walianza 2 kwa 2, wakapumzika wiki moja, wakarudi wakasema sisi sasa ni timu ya kukimbia na mambo yakanyooka, wakashinda kumi mfululizo. Ukiona mtu hapiki ugali mwezi mzima siyo kwamba hajui kusonga, labda nyumbani kuna wali. Hurts huyuhuyu ndo aliyewapiga hawahawa Chiefs zaidi ya yadi 300 mwaka 2023.

Kwahiyo kama ningekuwa na dakika tano na Nick Sirianni, kocha wa Eagles, ningemwambia acha Saquon awe chambo. Mkabidhi mpira kwenye majaribio ya kwanza (una majaribio manne ya kusogea yadi 10) ili wasogee, alafu jifanye unamkabidhi, ubaki nao, rusha. Hicho ndo kitu cha kuamua Jumanne. Hofu yangu kwa Eagles siyo Saquon kukamatwa, hofu yangu ni wang'ang'anie kumpa kwasababu ya birthday na magazeti, jaribio la tatu wabaki na yadi tisa, na hapo Spagnuolo anamleta beki wake Trent McDuffie kutokea pembeni kama alivyowafanyia Buffalo plei ya mwisho kabisa. Unaikumbuka ile? Jaribio la nne yadi tano, Josh Allen, kwotabeki wa Buffalo, kageuka kakutana na mtu usoni, karusha mpira juu kama anayetupa taka, basi, safari ya New Orleans kwenye fainali ikaisha.

Na hapo katikati najua mtaniuliza kuhusu ile plei ya kusukuma, ile ya Hurts kuinama nyuma ya senta (yule wa katikati mbele) alafu wenzake wanamsukuma makalioni kama gari lililokwama kwenye matope. Chiefs walimzuia Allen kwenye kitu kinachofanana na hicho, Buffalo wako mbele 22 kwa 21, robo ya nne, jaribio la nne yadi moja, kagonga mwamba. Sasa watu wanasema basi wamepata dawa. Sikubali. Allen ni mkubwa lakini laini yake, wale watano wa mbele, siyo ile ya Eagles. Nenda kamwangalie Jordan Mailata, yule Mwaustralia mwenye asili ya Samoa, futi 6 na inchi 8, alikuwa mcheza raga, anachaguliwa raundi ya saba 2018 hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu maishani mwake. Hao ndo wanasukuma. Yadi moja wataipata, tuendelee.

Sasa wewe mwenyewe, "Mahomes ni Mahomes". Mdogo wangu hiyo siyo hoja, hiyo ni dua. Lakini ni dua yenye ushahidi, nakubali. Ana makombe matatu na kwenye zote tatu alikuwa nyuma kwa pointi 10 akarudi. Msimu huu wa 2024 Chiefs mechi zote za kawaida zilizoisha kwa tofauti ndogo, pointi nane kushuka, wameshinda zote 11. Nyingine kwa miujiza mitupu. Baltimore walifunga dakika ya mwisho, refa kuangalia kidole cha mguu cha Isaiah Likely kimekanyaga nje. Denver wana fildgoli fupi ya kushinda, Leo Chenal kapita kaizuia kwa mkono. Raiders wako kwenye nafasi ya kupiga, senta akautoa mpira kwotabeki hajajiandaa. Kuna watu wanaita hiyo bahati, wengine wanaita ubingwa, mi naona ni vyote viwili kwenye sufuria moja na huwezi kuvitenganisha tena.

Ila mechi ambayo Mahomes hakurudi ipo, na ndo mechi ninayotaka uwaonyeshe hao wenzio saba kabla ya Jumapili. Februari 2021, Tampa, Buccaneers 31 Chiefs 9. Mahomes huyohuyo, Reid huyohuyo, mdakaji wao Kelce huyohuyo, tena na Tyreek Hill yupo. Hawakupata tachidauni hata moja. Kwanini? Kwasababu mateko wao wote wawili, yaani wale wa ncha za laini, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, walikuwa majeruhi, laini ikachezwa na watu waliohamishwa hamishwa nafasi. Tampa hawakuhitaji kutuma watu wengi kumvamia Mahomes, walituma wanne wao wa kawaida, saba wakabaki nyuma kulinda, na wale wanne wakawa wanafika. Mahomes alibanwa mara 29, hiyo ni rekodi ya Super Bowl, na waliompima mbio zake wakasema alikimbia karibu yadi 500 nyuma ya laini kabla ya kurusha au kuangushwa. Yadi 500! Viwanja vitano. Kuna picha anarusha akiwa hewani yuko sambamba na nyasi. Mwanadamu huyo alifanya kila kitu na bado 9.

Sasa weka hiyo pembeni ya Glendale 2023. Eagles walifika wakiwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 msimu ule, namba ya kutisha, na kwenye fainali wakamwangusha Mahomes mara ngapi? Sifuri. Nyasi ziliteleza kweli, kila mtu alilalamika, lakini Chiefs siku hiyo laini yao ilikuwa nzima, kila mtu kwenye nafasi yake. Mtu ni yuleyule, mechi mbili. Tofauti ni watu watano wa mbele.

Haya niwaeleze hao watano. Katikati senta, pembeni yake magadi wawili, alafu kwenye ncha mateko wawili. Hiyo ya ncha mi naiandika teko, na kama unajua Kiswahili unajua kwanini nimekwepa herufi a. Gadi anafanya kazi kama mtu aliyeko kwenye daladala limejaa, kulia jirani kushoto jirani, ukiteleza hata pa kudondokea hamna. Teko yuko kama mlinzi wa geti la shamba, nje yake hamna mtu ni uwazi mtupu, na anayekuja anakuja mbio ameshachukua kasi. Na teko wa kushoto ndo mgumu zaidi kwasababu kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia huo upande ameupa kisogo.

Chiefs msimu huu teko wa kushoto imekuwa kama kiti cha umeme. Wakamjaribu kijana Kingsley Suamataia, akashindwa, wakamweka Wanya Morris, akasuasua, wakamleta D.J. Humphries akaumia. Mahomes akaangushwa mara 36 msimu wa kawaida, hajawahi kuangushwa hivo tangu aanze. Mwisho katikati ya Desemba Reid akafanya uamuzi, akamtoa Joe Thuney, namba 62, gadi wake bora, labda gadi bora wa ligi nzima, akamsogeza nafasi moja kwenda ncha. Na pale alipotoka Thuney akaingia Mike Caliendo, namba 66, kijana ambaye kwenye drafti ya 2022, pale timu zinapochagua vijana wapya, hakuna timu iliyomchagua.

Na imefanya kazi! Houston wametoka, Buffalo wametoka. Kwahiyo watu wanasema shida imeisha. Mi nakwambia haijaisha, imefunikwa.

Mi mwenyewe nimeshafanya huo ujanja. Mwaka mmoja teko wangu wa kushoto aliumia goti, nikamchukua gadi wangu, mtoto mwenye akili, miguu mizuri, hafanyi makosa, nikamsogeza ncha. Wiki tatu tukashinda nikajiona profesa. Wiki ya nne tukakutana na shule ina vijana wawili wa pembeni wepesi, wenye mikono mirefu, nikagundua kwamba sikuwa nimetatua shida, nilikuwa nimeigawa sehemu mbili, maana ncha kulikuwa na mtu mwenye mikono mifupi na ndani kulikuwa na mtoto mgeni. Kwotabeki wetu alimaliza mechi jezi yote ya kijani kwa nyasi. Baba yake hakunisalimia hadi Krismasi.

Thuney ni fundi kuliko mtoto yeyote nitakayemfundisha, simlinganishi. Ila mikono mifupi kwa kazi ya ncha ni mifupi tu, huwezi kuirefusha, na upande ule Eagles watampelekea Josh Sweat na Nolan Smith, kasi mtupu. Na ndani kwa Caliendo watampelekea nani? Jalen Carter, namba 98, aliyechaguliwa wa tisa kwenye drafti nzima ya 2023, na Milton Williams wa kupokezana naye. Wa tisa dhidi ya asiyechaguliwa. Ukimsaidia Caliendo kwa senta Creed Humphrey, basi umewaacha wengine mmoja kwa mmoja. Ukimsaidia Thuney kwa raningibeki (mkimbiaji) au tait-endi (mdakaji anayekaa karibu na laini), umepunguza mtu wa kupokea pasi. Blanketi ni fupi, ukivuta miguuni mabega yanabaki nje.

Na huyu anayepanga ulinzi wa Eagles, Vic Fangio, ndo mtu sahihi wa kulitumia hilo. Ni mzee wa miaka 66, mtu wa Pennsylvania hukohuko, na falsafa yake ni uvumilivu, anatuma wanne tu, mtu wa tano humtuma mara chache kuliko karibu timu zote za ligi, na hao saba wengine wanakaa nyuma wawili juu kabisa kuzuia pasi ndefu. Msimu huu ulinzi wake ulikuwa namba moja kwa kuruhusu yadi chache. Kuna watu watakukumbusha kwamba alipokuwa kocha mkuu Denver 2019 hadi 2021 hakuwahi kuwafunga Chiefs hata mara moja, na ni kweli. Ila Denver hakuwa na Carter, wala hakuwa na wale watoto wawili wa nyuma, Quinyon Mitchell na Cooper DeJean, wote mwaka wao wa kwanza na wanacheza kama wana watoto nyumbani. DeJean naye birthday yake ni Jumapili hiyohiyo, anatimiza 22, sijui Philadelphia wanaokaje keki.

Kwahiyo ufunguo wangu, ule mmoja ambao ningeuandika kwenye ubao, ni huu: wanne wa Eagles wanafika kwa Mahomes bila kuomba msaada wa mtu wa tano, au hawafiki? Wakifika ni Tampa. Wasipofika Fangio atashawishika kutuma wa tano na wa sita, na hapo amekwisha, kwasababu Mahomes akiona mtu wa ziada anakuja anajua moja kwa moja nani kaachwa wazi huko nyuma, hiyo ndo shule aliyosoma.

Reid naye hajalala. Ana wiki mbili, na Reid akipewa wiki mbili ni kama bibi aliyepewa nazi na muda. Kule Glendale aliwapata kwa kitu kidogo sana, mpokeaji anaanza kukimbia kuelekea ndani kabla mpira haujachezwa, ulinzi wa Eagles unahama naye, alafu ghafla anarudi nje, yuko peke yake kama mtu aliyekosa basi. Wakaifanya kwa Kadarius Toney upande mmoja, wakaigeuza wakaifanya kwa Skyy Moore upande wa pili, tachidauni mbili za bure. Nategemea aje na kitu cha namna hiyo kwa Xavier Worthy, yule aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21. Na nategemea Mahomes aachie mpira haraka, sekunde mbili umetoka, pasi fupi kwa Kelce, pasi fupi kwa Hopkins, kumchosha Carter kwa kumkimbiza asichokipata. Na kama mambo yakiwa mabaya atakimbia mwenyewe, kwenye mtoano huwa miguu yake inakumbuka ujana. Hiyo ndo njia ya Chiefs kushinda na siyo njia mbaya. Mechi ikifika dakika tano za mwisho wamepishana pointi tatu, nafuta kila nilichoandika hapa, chukueni Chiefs.

Sasa Jumapili mkikaa (kwenu saa 11 na nusu jioni, saa za New Orleans hizohizo, ndugu wa Dar na Nairobi saa 8 na nusu usiku kuamkia Jumatatu, poleni), nakuomba ufanye kitu kimoja. Plei kumi za kwanza za Chiefs usiangalie mpira. Najua ni ngumu. Angalia 62 na 66. Kama Mahomes akirudi nyuma anasimama wima, mabega yametulia, anahesabu moja mbili tatu, basi wewe tulia kunywa soda yako. Kama unamwona anaanza kusogea upande wa kulia kwake kila mara, anakimbia kisogo chake, ujue huko kushoto kumeshavuja hata kama hajaangushwa bado. Hata pasi zikiingia. Uvujaji wa robo ya kwanza hauonekani kwenye matokeo, unaonekana robo ya tatu.

Wanaobeti wanawapa Chiefs kwa pointi moja na kitu, yaani hawajui. Mi naona Eagles 27 Chiefs 23, Saquon hafiki yadi 80, na Hurts ndo anachukua ile tuzo ya mchezaji bora. Najua unakaa Kansas City na jezi nyekundu umeshanunua, usinichukie, na hakuna timu iliyowahi kuchukua Super Bowl tatu mfululizo kwahiyo mnaomba kitu kizito kidogo. Kuhusu mbuzi, mi ningekuwa wewe Ijumaa hii ningepita kwenye yale mabucha ya halali nikaulizia bei, na ningeuliza pia kama wanauza nusu.